Pumzi za Kijani

Wodi ya watoto wachanga mahututi ilikuwa ghorofa ya pili. Mke wangu alikuwa amelazwa chini, wodi ya wazazi, kitanda cha karibu na dirisha. Kati yake na mtoto kulikuwa na ngazi, lifti iliyofanya kazi inapojisikia, na mimi.

Presha ilikuwa imempanda mpaka akaanguka kifafa cha mimba. Wakampasua siku hiyohiyo na mtoto akatolewa kabla ya miezi yake kutimia. Tangu hapo mke wangu hakuruhusiwa kuinuka kitandani. Kila wakimpima presha, muuguzi alitikisa kichwa na kuandika. Kwa hiyo hakuwa amemwona mtoto wake. Waliokuwa wakimwona ni mimi, baba yake, na mama mkwe wangu, kwa sababu waliruhusiwa watu wawili tu kwa kila mtoto.

Naandika haya kwa sababu mambo yameanza kuchanganyika kichwani. Juzi mke wangu aliniuliza kofia ya mtoto ilikuwa ya rangi gani. Nikasema nyeupe. Yeye akasema hapana, ilikuwa kama maziwa yenye chai kidogo. Nikaona nisipoandika, tutabaki na vipande, kila mtu na chake.

Binti yetu hakuwa akipumua mwenyewe. Mashine ndiyo iliyompumulia. Ilisimama kando ya kitanda chake cha kioo, na ndani yake ilitoka mipira miwili ya plastiki, mmoja wa kupeleka hewa na mwingine wa kuirudisha. Mipira hiyo ilikutana kwenye bomba jembamba lililoingia mdomoni mwake na kushuka hadi karibu na mapafu. Bomba lilishikiliwa na plasta iliyobandikwa juu ya mdomo, huku na huku, kama masharubu. Mama mkwe alipomwona mara ya kwanza alisema, "Mjukuu wangu amezaliwa mzee," kisha akageukia ukuta na kujifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Mashine ilisukuma, kifua kikapanda. Ikaachia, kifua kikashuka. Kifua chenyewe hakikuzidi kiganja changu. Mimi ni kinyozi. Maisha yangu ni vichwa vya watu. Nimenyoa vichwa vya kila namna, vya mawe na vya maboga, na vya watoto wanaopiga kelele kana kwamba nawachinja. Sikuwahi kuona kichwa kidogo namna ile. Sista aliniruhusu kukigusa, nikakigusa kwa kidole kimoja.

Sista alikuwa muuguzi wa zamu ya mchana, mama mnene mwenye sauti ya chini na viatu visivyolia. Yeye alimwita mtoto wetu Bosi.

"Bosi ameamkaje leo?" nilimuuliza siku moja.

"Bosi? Amelala chali, watu wanne tunamzunguka, hata asante hatoi. Huyo akikua mtakoma."

Akacheka kidogo, kisha akatuonyesha skrini ya mashine. "Mnaona hivi vilima vinavyopita? Kila kilima ni pumzi moja. Kikiwa cha njano, ni mashine imemsukumia. Akivuta yeye mwenyewe, hata kwa nguvu ndogo kama ya sisimizi, mashine inamhisi na kumsaidia. Hapo kilima kinakuja cha kijani."

"Kijani kimeshakuja?" mama mkwe aliuliza.

"Bado, mama."

Daktari alikuwa dada mwembamba aliyevaa saa kubwa ya kiume. Alikuwa ametueleza bila kuzunguka. Mapafu ya mtoto yalikuwa machanga, yakinatana kama mfuko wa plastiki uliolowa, lakini walimpa dawa na yalianza kufunguka. Hofu yake ilikuwa kichwani. Walimpiga picha kupitia utosi na kuona damu imevuja kwenye ubongo. "Tunamngoja avute mwenyewe," alisema. "Akianza, tutaipunguza mashine kidogo kidogo hadi tuitoe. Asipoanza, itabidi tukae tuzungumze."

Neno hilo la kukaa tuzungumze sikulipenda. Watu wenye habari njema hawahitaji kukaa.

Basi tukawa na kazi moja, kutafuta kijani.

Niseme kitu kuhusu mimi na mama mkwe. Tangu nimwoe binti yake, hatukuwa tumezungumza zaidi ya salamu. Si ugomvi. Yeye alitaka mkwe wa ofisini, mwenye tai, akapata mkwe anayerudi nyumbani na nywele za watu shingoni. Aliniheshimu na mimi nilimheshimu, na heshima ile ilikuwa nzito hata hatukuweza kuibeba tukiwa chumba kimoja. Nikienda kwake, angeweza kusema, "Mwambieni mkwe chai ipo mezani," na humo ndani tuko wawili tu. Sasa tulipewa viti viwili vya plastiki vilivyobanwa kati ya kitanda cha kioo na ukuta. Aliweka mkoba wake sakafuni katikati yetu.

Lakini macho yake hayaoni mbali. Skrini ilikuwa juu, na rangi kwake zilikuwa ukungu. Ilimbidi aulize.

"Mkwe, hiyo ni rangi gani?"

"Njano, mama."

"Na hiyo?"

"Njano."

"Hiyo iliyokuja sasa?"

"Hiyo pia."

Hivyo ndivyo tulivyoanza kuzungumza. Baada ya rangi akaanza kuniuliza mengine: kama kweli naimba vibaya kazini kama anavyosema mke wangu, kama mama yangu alinipata kwa shida. Aliuliza akitazama mtoto, nami nilijibu nikitazama skrini.

Kitanda cha pili kilikuwa cha mama mmoja wa mapacha, tuliyemwita Mama Pacha. Wanawe walishavuka hatari. Walipumua kwa vijibomba vya puani tu. Kwa hiyo alikuwa na nafasi ya utani, na aliitumia yote.

"Nyie wawili mnavyoikodolea macho hiyo skrini, mtu angesema ni fainali," alisema. "Nani anaongoza?"

"Njano," nilimjibu.

"Basi kocha abadilishe wachezaji."

Mama mkwe alicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Alicheka kama binti yake, kwa kuficha meno.

Kila nikishuka chini mke wangu aliniuliza neno moja tu kabla hata sijaketi. "Kijani?"

"Bado."

Sikumdanganya. Ndugu zangu walinishauri nimwambie mtoto anaendelea vizuri, presha isije ikapanda zaidi, lakini yeye ananisoma usoni hata gizani.

"Mwambie mama yake anamsubiri huku chini," alisema. "Mwambie asinilazimishe nipande ngazi na mishono yangu. Nikifika huko atanitambua."

"Nitamwambia."

"Mwambie kwa ukali. Wewe ukiongea polepole hakuna anayekusikiliza."

Aliwaomba wauguzi wa chini wampeleke kwa kiti cha magurudumu. Walimwambia ngoja, presha kwanza. Kesho yake wakamwambia ngoja tena. Akaacha kuomba, akawa anatazama dirisha. Mimi niliona kitu anachokiogopa na hatukukitaja: kwamba mtoto atamtangulia kuondoka kabla yeye hajaruhusiwa kupanda ghorofa mbili.

Siku lilipotokea jambo lenyewe ilikuwa ya mvua. Ilinyesha tangu alfajiri, na dirisha la upande wetu halikufungika vizuri, hivyo baridi iliingia na kukaa pale pale tulipokaa. Mama mkwe alijifunika mtandio hadi masikioni. Sista hakuwa karibu. Alikuwa mlangoni na mwenzake wakihangaika na mtoto mwingine aliyeletwa kutoka chumba cha kujifungulia, wakimpumulia kwa mfuko wa mkono, wakibana na kuachia.

Nilikuwa nikitazama skrini bila kuitazama, kama mtu anavyotazama barabara akiwa na mawazo. Kikapita kilima cha njano. Kikaja kingine. Kilikuwa cha kijani.

Nilidhani ni macho. Kikaja kingine, kijani. Halafu njano. Halafu kijani, kijani, kijani.

"Mkwe, hiyo ni rangi gani?" aliuliza mama mkwe, kama kawaida yake.

Nikahesabu kingine, na kingine tena.

"Mkwe, nimekuuliza."

"Kijani, mama."

"Usinitanie."

"Kijani. Na hiyo inayofuata. Na hiyo. Mama, zote zinakuja kijani!"

Alisimama ghafla, kiti kikaanguka, mkoba ukapinduka na vitu vyake vyote vikatawanyika. Aliziba mdomo kwa mikono miwili kuzuia kigelegele, na kikamtokea puani kama chafya. Mama Pacha akaja mbio na soksi tupu. "Goli!" alisema kwa mnong'ono, akazunguka mahali alipo akitikisa kiuno. "Nilisema! Kocha amebadilisha wachezaji!"

"Naenda kumwambia mwanangu," alisema mama mkwe. Alikuwa ameshafika mlangoni. Hakuokota hata kitu kimoja.

Mimi nilitoa simu. Nilimpigia mama yangu, akalia hata akashindwa kuishika simu, akampa mdogo wangu. Nilipiga dukani tunakonyolea. Mwenzangu aliweka sauti kubwa na wateja wote wakasikia, mmoja akapaza sauti, "Hongera Mkasi! Mtoto wa kinyozi hawezi kushindwa na kitu kidogo!" Nilimtumia ujumbe baba mdogo aliye mbali. Niliwatumia watu ambao hata hawakujua kama tulikuwa na mtoto. Huku natuma, natazama juu: kijani.

Sista alirudi akikausha mikono. Aliiona skrini kabla sijasema neno. Hakutabasamu. Aliiacha, akamtazama mtoto, akafungua kitundu cha kioo na kuweka vidole viwili kifuani pake. Akavituliza pale muda mrefu.

"Imeanza lini hii?"

"Sasa hivi, Sista. Si muda."

Aliushika mpira wa kurudisha hewa na kuunyanyua kwenye mwanga. Katika mkunjo wake wa chini kulikuwa na maji, kama kijiko kimoja, yakienda mbele na kurudi nyuma kila mashine ilipofanya kazi. Aliukung'uta mpira kwa vidole. Maji yakateremka kwenye kikombe kidogo kilichofungwa hapo kwa kazi hiyo.

Tukatazama skrini, mimi, yeye na Mama Pacha.

Njano. Njano. Njano.

"Rudisha," nilisema. Mpaka leo sijui nilitaka arudishe nini.

"Baba, keti."

"Ni nini hicho?"

"Hewa ya mashine inapashwa moto na kutiwa unyevunyevu, ili isimkaushe mapafu. Kukiwa na baridi, ule unyevu unageuka maji ndani ya mpira. Yakitikisika, mashine inadhani mtoto anavuta." Alisema polepole, akinitazama usoni. "Ningepita mapema ningeyatoa. Nilikuwa na yule pale mlangoni."

"Hata moja haikuwa yake?"

"Siwezi kuapa kwa kila moja. Lakini kifua chake, baba, bado kinangoja mashine."

Mama Pacha alikuwa amerudi kwa wanawe. Alikuwa akiwafunika shuka ambayo tayari ilikuwa imewafunika.

Nilisikia lifti. Siku zote haifanyi kazi, siku hiyo ikafanya. Nikasikia magurudumu, na sauti ya mama mkwe ikitamba korido nzima: "Leo nimewashinda wauguzi wote wa chini! Nimewaambia mtoto amepumua, mnamzuia mama yake kwa sheria gani? Wakapima presha, wakatazamana, wakasema haya, mpeleke, lakini usikawie."

Mlango ukafunguliwa. Mke wangu alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, midomo imempasuka, mkononi ana sindano ya dripu iliyofungwa kwa bandeji. Alikuwa anacheka.

"Yuko wapi huyo mkaidi?" aliuliza.

Sista alinitazama. Nikavisogeza viti vyetu kando kumpisha. Sista alimsogeza kiti hadi kwenye kioo, akamwosha mikono kwa dawa, akamfungulia kitundu.

Mke wangu alimtazama mwanawe kwa mara ya kwanza. Kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo, na mahali pake pakaja kitu ambacho sina neno lake.

"Kumbe ana nywele," alisema.

"Anazo."

"Nyingi hivi, na hukuniambia. Usithubutu kuzigusa na zile mashine zako."

"Sithubutu."

"Mdomo wake uko wapi? Mbona wamemziba?" Aliweka kidole kiganjani mwa mtoto. "Mama yako nimefika. Umenipandisha, haya, nimepanda."

Mama mkwe alikuwa ameinama kuokota vitu vyake sakafuni. Aliinuka, akaikazia macho skrini. "Mkwe," aliuliza kwa furaha, kama mtu anayetaka kumwonyesha mgeni kitu cha nyumbani, "hiyo ni rangi gani?"

"Njano, mama."

"Na hiyo?"

Nilimtazama Sista.

"Mkwe."

"Ni njano zote, mama. Yalikuwa maji."

"Maji gani?"

Sista ndiye aliyeeleza. Alieleza kwa maneno yaleyale aliyonieleza mimi, na nilipoyasikia mara ya pili yalikuwa mafupi zaidi. Mama mkwe aliinua mkono kana kwamba anataka kumnyamazisha, akaushusha.

"Kwa hiyo nimepandishwa huku kwa sababu ya maji," alisema mke wangu.

Mama yake alikaa chini, sakafuni kabisa, akamshika magoti. "Mwanangu, nisamehe. Ni mimi niliyekimbia. Ningengoja Sista aje, ningengoja tu kidogo—"

"Ungengoja, ningekuwa bado niko chini." Hakusema kwa upole wala kwa ukali. Hakuondoa macho kwa mtoto. "Inuka, mama. Sakafu ina baridi."

Daktari alikuja mchana. Walimpiga mtoto picha nyingine ya utosini, kisha akatuita kwenye chumba kidogo cha pembeni chenye maboksi ya glavu na kiti kimoja kisicho na mgongo. Alimwachia mama mkwe kile kiti. Mke wangu alikuwa na chake cha magurudumu. Mimi na daktari tulisimama, na nikamshukuru moyoni kwamba hakukaa.

"Damu imeongezeka," alisema. "Iko pande zote mbili sasa. Mapafu yake yangeweza kupona. Tulikuwa tunaelekea huko. Mashine inaweza kuendelea kumsukumia hewa. Lakini haiwezi kumrudishia kile kinachomwambia avute."

"Hakuna mashine nyingine?" aliuliza mama mkwe. "Kubwa kuliko hii? Mahali popote. Mimi nitambeba."

"Ingekuwapo, mama, ningekuwa nimeshampeleka. Lakini hata hiyo ingefanya kazi ileile inayofanywa na hii."

"Na mkiendelea?" niliuliza.

"Mkisema tuendelee, tutaendelea, na hakuna atakayewalaumu. Itakuwa siku, labda zaidi kidogo. Sidhani kama kutakuwa na mabadiliko."

Mke wangu alikuwa akichezea bandeji ya mkononi. "Anaumia?"

Daktari alifikiri kabla ya kujibu, na kwa hilo nilimwamini. "Tunapomnyonya makohozi kwenye bomba, anakunja uso. Nadhani hilo analihisi."

"Mnamnyonya mara nyingi?"

"Mara nyingi."

"Mkilitoa hilo bomba, nitampakata?"

"Utampakata."

"Hapa? Kifuani?"

"Popote unapotaka."

Mke wangu alinitazama. Nikasema, "Mimi nasema atakachosema mama yake." Hilo lilikuwa kweli, lakini pia nilikuwa namwachia mzigo mwingine, na alijua. Alinyoosha mkono akanishika vidole viwili, akaviminya.

Tukamgeukia mama mkwe. "Msinitazame mimi," alisema. "Mtoto ana wazazi." Kisha akaongeza: "Lakini nataka niwepo. Hata kama ni watu wawili tu wanaoruhusiwa."

"Utakuwepo, mama," alisema daktari. Halafu akatuonya. "Baada ya bomba kutoka, anaweza kuvuta pumzi moja moja zenye nafasi ndefu katikati. Mkiziona, msidhani tumekosea. Mwili hufanya hivyo unapochoka. Nawaambia mapema ili zisiwashtue."

Sista alivuta pazia kuzunguka kitanda. Alilowanisha plasta kwa mafuta ili isichubue ngozi, akaibandua taratibu, upande mmoja, kisha mwingine. Yale masharubu yakatoka. Akavuta bomba kwa mara moja, laini. Kengele ya mashine ikalia, akaizima, na skrini akaizima pia.

Hapo tukauona mdomo wake. Ulikuwa mdogo, umechongoka juu kama wa mama mkwe, hata na kile kishimo chake cha upande wa kushoto. Mama mkwe aliinama kwa sababu ya macho yake, akautazama kwa karibu sana. "Huu ni wangu," alisema. "Huu mdomo ni wangu."

Walimweka kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, wakawafunika pamoja. Mke wangu alianza kumsimulia. Sikutegemea. Nilidhani angelia, lakini alimsimulia, kwa sauti ya kawaida, kama tunavyozungumza jikoni. Alimwambia nyumba yetu ina vyumba viwili na mlango wa nyuma unakwama. Alimwambia kuna paka wa jirani, mwizi, anayeingia kwa dirisha na kujifanya hajawahi kutuona. "Na baba yako anaimba akiwa kazini," alisema. "Vibaya. Wateja wanarudi kwa sababu ananyoa vizuri, wanavumilia."

Mtoto akavuta.

Niliona kwa macho yangu. Midomo ilifunguka, kidevu kikainuka, mabega yale madogo yakapanda. Hakukuwa na mashine. Mama mkwe, ambaye hata mkono hakuwahi kunipa, alinikamata mkono juu ya kiwiko kwa nguvu zake zote.

"Umeona?"

"Nimeona, mama."

"Ni yake?"

"Ni yake."

Hatukusogea. Daktari alikuwa ametuonya, na tulijua ilikuwa pumzi ya namna gani. Tulingoja muda mrefu. Akavuta tena. Mke wangu hakuacha kusimulia. Alikuwa amefika kwenye habari za shule aliyosoma na mwalimu aliyewachapa kwa kandambili. Baadaye mtoto akavuta nyingine, ndogo kuliko zote, ambayo mke wangu anasema aliihisi shingoni ikiwa na joto. Mimi hiyo sikuiona. Simbishii.

Daktari alikuja na kifaa chake masikioni, akasikiliza, akasikiliza tena upande mwingine. Aliweka mkono begani pa mke wangu. Mke wangu alimalizia sentensi aliyokuwa ameianza.

Walituacha naye mpaka tuliposema basi. Tulipokuwa tunatoka, Sista alikuwa ameshabadilisha ile mipira kwa mingine mipya na anaifuta mashine kwa kitambaa chenye dawa. Mwenzake alikuwa akiisukuma kuelekea mlangoni, kwa yule mtoto aliyeletwa asubuhi. Nilisimama nikawapisha. Kwa kitambo kidogo nilimchukia mtoto yule, halafu nikamwona baba yake amesimama pale na kofia mkononi, anatazama jinsi waya zinavyochomekwa.

Mke wangu alirudishwa chini kwa lifti. Presha ilikuwa imepanda tena, wakamchoma sindano akalala. Mimi na mama mkwe tulikaa kwenye benchi la korido, nje ya wodi yake. Sakafu ilikuwa imetoka kudekiwa na wapita njia walipita wakinyata kando kando ya ukuta.

Ndipo simu yangu ikaanza.

Nilikuwa nimesahau. Habari niliyoituma asubuhi ilikuwa bado inatembea. Ilikuwa imepita kwa mama yangu, ikapita dukani, ikafika kwa watu ambao wangetumia siku nzima kuisambaza kwa wengine. Wa kwanza kupiga alikuwa mteja wangu wa miaka mingi. "Mkasi! Nimesikia binti anapumua kama tarumbeta! Sasa sikiliza, jina la mtoto—" Nilijaribu kusema. Sauti haikutoka. Alidhani mtandao ni mbaya, akapandisha yake. "Hongera sana! Unanisikia? Nasema hongera!"

Nilikata. Ikaita tena hapohapo. Ilikuwa ni baba mdogo, kutoka mbali.

Mama mkwe alinitazama usoni, kabisa, bila kupitia kwa mtu. Akanyoosha kiganja. Nilimpa simu. Aliisogeza mbali na macho, akatafuta mahali pa kugusa, nikamsaidia.

"Haloo," alisema.

Nilimsikia baba mdogo akiuliza yeye ni nani, na niko wapi mimi.

"Mimi ni mama yake," alisema. "Yuko hapa. Hawezi kusema sasa." Alivuta mtandio, akautuliza begani. "Umeketi? Tafuta mahali uketi, baba. Nitakueleza."

Akamweleza yote, tangu mwanzo, na hakuruka ile sehemu ya maji. Alipomaliza akanirudishia simu. Ikaita tena, naye akanyoosha kiganja tena.